Juma Walilomfariji Pasta Gaspard

Mume wangu ni mchungaji, na mimi ni mke wa mchungaji, kazi isiyo na mshahara wala likizo lakini yenye wakaguzi wengi. Kanisa letu liko Kasenga, hapa Uvira, kati ya shule ya msingi na fundi wa vitanda, na waumini wanajua nimepika nini kabla mimi mwenyewe sijaonja chumvi. Silalamiki. Nasema tu kwamba siku nilipowaomba msaada niliwafahamu vizuri, na bado nikaomba. Mtu anayezama hashiki anachokitaka, hushika kilicho karibu.

Hali ilikuwa hivi: Gaspard, mume wangu, hakuwa akilala usiku. Ilianza baada ya maziko ya Lionel, mtoto wa Marie, yule mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kule Kalundu. Mvua ilinyesha mlimani, kijito kikashuka na mawe kama kinavyoshuka kila mwaka, na mwaka huu kikapita katikati ya nyumba ya Marie. Gaspard alikuwa miongoni mwa wanaume waliotoa mawe kwa mikono. Ni yeye aliyemkuta mtoto.

Kesho yake makaburini alivaa koti lake la maziko, akasema maneno tunayosema wote: "Siye tulimupenda, lakini Mungu amemupenda zaidi." Watu wakaitika amina. Marie hakuitika. Alimwangalia tu mume wangu usoni, akamwangalia mpaka kaburi likajaa, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani.

Basi mume wangu akawa watu wawili. Kanisani alicheka, aliombea wagonjwa, alipatanisha ndoa za watu wasiopatana hata juu ya upande wa kulalia. Nyumbani alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha akitazama mikono yake. Bugali ulipoa. Nikimwita, aliitika baada ya muda, kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Asubuhi moja, nilipokuwa nachambua maharage, alisema bila kunigeukia:

"Mama Déborah, minye siwezi tena kusema ile neno."

Déborah ni binti yetu, anasoma Bujumbura. Namshukuru Mungu hakuwepo kumwona baba yake juma lile.

"Neno gani?"

"Ile ya Mungu amemupenda zaidi. Nikipanda ku mimbari siku ya Mungu, nitaanguka, ao nitasema kitu chenye bantu hawatanisamehe."

"Njo usipande."

"Askofu anakuya."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Jumapili ile Askofu alikuwa anatoka Bukavu kuja kubariki mabati mapya ya kanisa. Wamama walikuwa wamekwisha kushona sare. Kwaya ilikuwa imekwisha kugombana mara mbili juu ya nani asimame mbele. Na mume wangu ndiye aliyetakiwa kuhubiri. Nilimtazama mgongo ule uliozoea kubeba majeneza ya watu, nikaogopa. Niliogopa kwamba ataanguka mbele ya Askofu, na niliogopa zaidi kwamba hataanguka, atahubiri vizuri, kisha arudi nyumbani azime kabisa. Nilitaka kitu kimoja tu: Jumapili moja mume wangu apumzike.

Nikaenda kwa Papa Achille. Huyu ni rais wa kamati ya kanisa, anauza saruji na misumari, na moyo wake ni mzuri kama hujamkuta akiwa na wazo. Nilimchagua kwa sababu. Miezi michache kabla ya hapo kulikuwa na semina katika hoteli moja kando ya ziwa, semina juu ya afya ya akili ya wachungaji na namna ya kuwategemeza. Aliyealikwa ni Gaspard. Lakini Gaspard hakuweza kwenda kwa sababu siku zile alikuwa anazika watu, kwa hiyo Papa Achille akaenda kwa niaba yake, akajifunza kwa niaba yake, akapumzika kwa niaba yake. Alirudi na kofia, na mkoba, na neno traumatisme, yaani jeraha la moyo, ambalo alitembea nalo mtaani kama mtu aliyenunua pikipiki.

Nilimwambia: "Papa Achille, Pasta amechoka. Halalake. Halie, hasemi. Mumuache apumuzike, siku ya Mungu ahubiri muntu mwingine."

Alinisikiliza amefumba macho. "Mama Pasta, asante kunieleza. Ile iko traumatisme. Tulifundishwa. Pasta anahitaji bantu ba kumusikiliza. Tutamufariji, na siku ya Mungu atahubiri kama simba."

Alikuwa amesikia yote isipokuwa lile la mwisho.

Kesho yake kanisa likawa na Kamati ya Faraja. Ilikuwa na rais, makamu wa rais, mwandishi, na washauri wawili ambao sijui walimshauri nani. Kila kundi lilipewa zamu yake ya kumfariji Pasta: mashemasi, wamama, kwaya, waombezi. Na kwa kuwa wafariji ni wengi na sebule yetu ni ndogo, vijana walileta lile turubai la bluu la kanisa, ambalo sisi tunaliita bashi, wakalifunga mbele ya nyumba. Wakapanga viti vya plastiki chini yake, wakawasha mbabula, lile jiko la makaa, kwa ajili ya chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Wahenga hawakuwahi kuwa na kamati.

Papa Achille ndiye aliyefungua. Aliketi mbele ya Gaspard, magoti yakigusana, kama walivyofundishwa hotelini.

"Pasta, sema. Leo weye usitusikilize siye. Siye njo tutakusikiliza."

Niliacha sufuria, nikasogea mlangoni. Gaspard alimtazama. Akafungua mdomo.

"Minye, Papa Achille, silalake tena..."

"Hata minye!" Papa Achille akampiga paja. "Pasta, silalake! Ni juu ya ile parcelle yenye tunagombania na mudogo wangu." Akaanza kueleza. Alieleza kiwanja, alieleza mpaka wa kiwanja, alieleza tabia ya shemeji yake. Chai ikaisha. Mwishowe machozi yalimtoka, na Gaspard akamwekea mkono kichwani akamwombea. Papa Achille alitoka mwepesi kama mtu aliyetua gunia, akawatangazia waliokuwa chini ya bashi: "Faraja inafanya kazi! Minye mwenyewe ninaisikia!"

Baada ya hapo sikuhitaji kusogea mlangoni, nilijua wimbo. Kila mfariji aliingia akisema, "Pasta, toa moyo wako," na kabla ya kiti kupata joto alikuwa ameutoa wa kwake. Shemasi mmoja alifariji kwa kuungama mambo ambayo mkewe alikuwa anayasikia kutoka chini ya dirisha, na ndoa hiyo nayo ikabidi Gaspard aipatanishe jioni hiyohiyo. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini hata mganga wagonjwa hawamfuati kitandani kwake na kumwambia wamekuja kumuuguza.

Wamama walikuja na zamu yao, kiongozi wao Mama Olga mbele. Walileta sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mikeke, wakapika jikoni kwangu, wakala chini ya bashi, wakaniachia sufuria. Mama Olga alifunua vyungu vyangu kimoja kimoja, akabinua midomo.

"Mama Pasta, mwanaume mwenye anakulaka muzuri hapatake traumatisme."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Namshukuru Roho Mtakatifu kwa tunda la kiasi.

Waombezi wao waligundua ugonjwa. Walifunga macho, wakanena, wakafungua macho wakasema ni pepo la ukimya, limeingia kupitia mlango wa ndoa, na wote wakanigeukia mimi. Kisha wakamimina mafuta kwenye kiti cha karibu na dirisha, chupa nzima, kwa sababu ndipo pepo linapokaa. Pepo sijui, lakini kiti kile mpaka leo kinateleza. Kwaya nayo ilisimama dirishani ikaimba wimbo wa kwenda ng'ambo, kule kusiko na machozi. Ni wimbo wa maziko. Nilipomuuliza mkubwa wao kwa nini wanamwimbia mtu aliye hai wimbo ule, alisema ndio pekee wanaoujua wote bila kugombana.

Na katika wote hao hakuna aliyeniuliza mimi habari zangu. Walioniuliza kitu, waliuliza chumvi iko wapi.

Sasa, Uvira nzima inajua maana ya bashi mbele ya nyumba, viti vya plastiki chini yake, wanaume wameinamisha vichwa, wamama wanapika nje, na kwaya inaimba mambo ya ng'ambo. Maana yake ni moja: kilio. Kuna mtu amekufa. Watu wa pikipiki walianza kupunguza mwendo na kuvua kofia. Jirani yetu fundi wa vitanda, ambaye hutengeneza pia vile vitanda vya mwisho, alikuja mlango wa nyuma na futi mkononi, akaniuliza kwa heshima kubwa Pasta ana urefu gani. Nilimfukuza. Lakini habari haina mlango wa nyuma. Siku ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kufika Kalundu.

Siku ya Jumamosi mchana tukasikia sauti kutoka kona ya barabara.

"Pasta weee! Na weye unatuacha! Pasta weee!"

Alikuwa Marie. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni kama tunavyojifunga kwenye msiba, na kichwani amebeba karai la makala, makaa ya kupikia, kwa sababu kwetu hatuendi kwenye kilio mikono mitupu na makala ndiyo yanayohitajika kwanza. Alikuja akilia kwa sauti yote. Wale waliokuwa chini ya bashi wakaanza kulia naye kwa mazoea, Papa Achille akatoa hata kitambaa, kabla ya kukumbuka kwamba marehemu yuko ndani anakunywa chai.

Gaspard alitokea mlangoni na kikombe chake.

Marie alimwona. Karai likaanguka, makala yakatawanyika uwanja mzima. Walio chini ya bashi wakaacha kulia.

"Hakufa?" Marie aliuliza. Alimuuliza kila mtu.

"Apana, Mama Lionel," Papa Achille akasema huku anakunja kitambaa. Bado tunamwita hivyo, Mama Lionel. "Pasta ni muzima. Iko na traumatisme tu. Karibu umupatie neno ya faraja, hapa kila muntu anatoaka neno."

"Minye sina neno," Marie akasema, akapiga magoti aanze kuokota makala yake.

Mume wangu akaweka kikombe chini. Akaenda akapiga magoti naye, akaokota. Waliokota bega kwa bega, kaa moja moja. Halafu nikaona mikono ya Gaspard imesimama. Alikuwa ameshika pande kubwa la makala kwa mikono miwili, na nikaelewa kwamba hayaoni makala, anaona mawe. Marie naye alielewa. Nikawainua wote wawili, nikawaingiza ndani, nikafunga mlango, nikausimamia kwa ndani.

Gaspard alikaa kwenye kile kiti. Marie akakaa mkekani.

"Mama Lionel," mume wangu akasema, "ile neno nilisema ku makaburi, minye mwenyewe sikuiamini."

"Najua."

"Unajua namna gani?"

"Nilikuangalia. Bengine bote banasema amina, weye midomo inakutetemeka. Nikasema, kumbe hata Pasta inamuuma." Alijifuta mikono kwenye kitenge, ikabaki myeusi vilevile. "Sikurudia ku kanisa juu ya bale ba amina. Weye sikukukasirikia."

"Minye nilidhani unanichukia. Niliogopa kukuya kwako."

"Nilikungojea. Hapana ukuye kuhubiri. Ukuye tu, tuikale."

Mume wangu akalia. Si machozi ya mimbarini, ambayo huja na kitambaa kilichopigwa pasi. Alilia kutoka tumboni, amefungua mdomo, kamasi zinamtoka, akiita jina la mtoto yule, Lionel, Lionel, na Marie akalia naye, na hakuna aliyemwambia mwenziwe anyamaze. Moyo wangu uliuma na ulifurahi kwa wakati mmoja. Sijui namna nyingine ya kuisema. Tangu maziko nilikuwa nangojea sauti ile.

Nje nao waliisikia.

"Linatoka!" Papa Achille akapiga kelele. "Pepo linatoka! Kwaya, imbeni!" Ngoma ikaanza, wimbo wa ng'ambo ukaanza, na Mama Olga akasukuma mlango. Niliufungua kiasi cha uso wangu na mwiko kupita.

"Hapa hapaingii muntu."

"Mama Pasta, siye ni Kamati!"

"Njo maana."

Nikafunga. Wakaimba mpaka sauti zikakauka, na humo ndani mume wangu alilia mpaka akaanza kusinzia. Kwa sababu ya mafuta ya waombezi, akateleza kwenye kiti polepole mpaka chini, akafika mkekani, akalala palepale. Huo ndio muujiza pekee wa juma lile, nami siwanyimi sifa yao. Marie alivua kitenge chake cha juu akamfunika. Alipokuwa anaondoka nilitaka kumrudishia makala.

"Bakia nayo," akasema. "Makala ya kilio hairudiake ku nyumba."

Gaspard alilala jioni ile. Aliamka, akala bugali na ndagala mpaka akalamba vidole, akalala tena. Jumapili asubuhi, jua limekwisha kupanda, alikuwa bado anakoroma, mkoromo mzuri, wa mtu mwenye deni la usingizi. Papa Achille akaja amevaa suti, jasho linamtiririka.

"Mama Pasta, Askofu amefika! Pasta iko wapi?"

"Amelala."

"Mumuamushe!"

"Papa Achille, nikuulize. Kama Pasta angekuwa amekufa kweli, leo nani angehubiri?"

Akafikiri. Ni mtu mkweli akibanwa. "Angehubiri muntu mwingine."

"Njo huyo mwingine ahubiri."

"Lakini hakufa!"

"Juma nzima mumemukalia kilio," nikasema. "Mumepiga bashi, mumekula, mumeimba, fundi amekuya na futi. Kitu kimoja tu mulisahau: muntu mwenye amekufa, hamumutumake kazi. Mukamalizie ile kilio."

Alilitazama bashi. Akavitazama vile viti. Akaondoka bila kuaga, na kwa Papa Achille hiyo ni toba.

Nilisikia baadaye yaliyotokea. Askofu alihubiri mwenyewe, kwa muda mrefu. Halafu Papa Achille akatoa ushuhuda namna Kamati ya Faraja ilivyomponya Pasta kwa nguvu mpaka sasa hivi yuko katika pumziko la Bwana. Watu wawili walizimia, ikabidi wafafanuliwe. Askofu alipendezwa sana. Aliagiza kila kanisa la jimbo, kutoka uwanda wa Ruzizi mpaka Bijombo, liunde Kamati ya Faraja kwa ajili ya mchungaji wake, na linunue bashi. Ninawaombea wachungaji hao.

Gaspard aliamka watu wakiwa wamekwisha kutawanyika. Alikaa mkekani na alama za mkeka shavuni.

"Nani alihubiri?"

Nikamweleza yote, hata fundi na futi yake. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kile hakikuwa cha kanisani, kilikuwa cha yule kijana aliyenichumbia. Kisha akaniangalia. Akaona vyungu vya wamama ambavyo bado nilikuwa naviosha, akaona macho yangu.

"Na weye, Mama Déborah?" akauliza. "Weye unalalaka?"

Nilikuwa na jibu kwa kila aliyeingia nyumba ile. Chumvi iko pale, maji iko kule, choo iko nyuma. Nikaweka mwiko chini, nikakaa mkekani, nikalia kwa sauti kama mtoto, na mume wangu akakaa nami.

Nje vijana walikuwa wanakunja bashi. Mmoja akasikia, akabisha hodi, akauliza kama walikunjue tena.

Gaspard akainuka, akafunga mlango.